Mpira Usiobonyea Haufanyi Kazi: Hotuba kwa Wenye Mashine na Mafundi wa Mtwara na Lindi

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wenye mashine, mafundi, na ninyi majirani ambao kuta zenu zinatikisika kila mashine ya kusaga inapowashwa: wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Karibuni wote wa hapa mjini Mtwara, nanyi mliotoka Masasi, Newala, Tandahimba, Lindi na Ruangwa.

Dukani mkeka wa mpira, ule wa kulaza chini ya mashine ili kupunguza mtetemo, huuzwa kwa unene na kwa mita. Mteja anauliza kama upo wa milimita 10, anakatiwa, anaulaza chini ya mashine, anafunga bolti, anawasha. Sakafu inatetemeka vilevile. Anarudi kununua wa milimita 20, na mambo hayabadiliki. Mara nyingi mpira wenyewe hauna kasoro, ila ameulizia unene wakati swali la kwanza lilikuwa hili: mashine yangu ikikaa juu ya mpira huu, mpira utabonyea milimita ngapi?

Kubonyea ndiko kunakopunguza mtetemo. Mashine juu ya mpira ni kama gari juu ya springi. Springi ikiwa ngumu kiasi kwamba haishuki hata kidogo, kila shimo la barabarani linafika kiunoni kwa abiria. Mpira uliolala bapa kama jiwe unafanya hivyohivyo: kila pigo la mashine linapita moja kwa moja kwenda sakafuni, kutoka sakafuni linakwenda ukutani, na kutoka ukutani linamfikia jirani.

Hesabu yake ni fupi, na kila fundi anaweza kuifanya kwa simu. Pima mpira umebonyea milimita ngapi kwa uzito wa mashine ikiwa imezimwa. Tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, halafu gawanya 15.8 kwa jibu lake. Unachopata ni mtetemo wa asili wa mashine ikiwa juu ya mpira, yaani mara ngapi kwa sekunde ingecheza juu na chini kama ungeisukuma ukaiachia. Mpira uliobonyea milimita 1 unatoa karibu 16 kwa sekunde. Milimita 2.5 zinatoa 10, milimita 4 zinatoa 8, na milimita 9 zinatoa 5 na kidogo.

Sasa tazameni kibao cha mota. Mota nyingi za mashine zetu zimeandikwa mizunguko 1440 hivi kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata 24 kwa sekunde. Kanuni ni kwamba namba hii ya mashine iwe angalau mara tatu ya ile ya mpira. Ikifika mara tatu, nguvu inayopenya hadi sakafuni hubaki karibu sehemu moja ya nane. Ikiwa mara moja na nusu tu, sehemu nne kati ya tano za nguvu bado zinapita. Ikishuka chini ya mara 1.4, mpira hausaidii kitu, tena unazidisha. Namba mbili zikilingana, hali ni kama ya mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi: kila pigo la mashine linakuta mpira unaelekea kulekule, na mashine inaruka. Ndiyo maana kuna watu walioweka mkeka, mtikisiko ukaongezeka, wakalaumiwa kwamba hawakufunga vizuri. Walifunga vizuri, ila mpira waliochagua haukuwa wa mzunguko ule.

Kwa mota ya 1440, basi, tunatafuta mpira unaotoa 8 kwa sekunde, na hiyo ni milimita 4 za kubonyea. Mkeka wa milimita 10 hauwezi kutoa milimita 4 na ukadumu. Mpira mzima, yaani usio na matundu kama sponji, usibonyezwe zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya unene wake. Ukizidi hapo unachoka, unabaki bapa na haurudi. Kwa hiyo mkeka wa milimita 10 ukifanya kazi yake yote unatoa milimita 1 au 1.5. Unafaa kwa mashine ya mizunguko 2900, ambayo ni 48 kwa sekunde, lakini kwa ile ya 1440 hautoshi.

Nitakaa kidogo kwenye jambo linalofuata kwa sababu ndilo linalokula fedha za watu wengi.

Mpira haupungui ujazo. Ukiubonyeza kutoka juu, lazima utoke pembeni. Chukueni kipande hiki cha sentimita 5 kwa 5, unene sentimita 2.5, mkibane kwenye jiliwa. Mnaona kinavyotuna tumbo pande zote nne? Tumbo hilo ndiyo nafasi yake ya kubonyea. Sasa fikirieni mpira uleule, ugumu uleule, lakini ni shiti la sentimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 10, na juu yake pleti bapa ya chuma yenye mashine ya kilo 320. Mpira ulio katikati ya shiti utatunia wapi? Kila upande umezungukwa na mpira mwenzake. Hauna pa kwenda, kwa hiyo haubonyei. Kwa hesabu, shiti lile halishuki hata elfu moja ya milimita. Mwenye mashine amelipia robo ya mita ya mraba ya mpira na kupata kitu kigumu karibu kama sakafu aliyokuwa nayo.

Kumbe mashine hiyohiyo ya kilo 320 ikikaa juu ya vipande vinne tu vya sentimita 5 kwa 5, kila kipande kinabeba kilo 80, yaani kilo 3.2 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mpira wa ugumu wa 50 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira ambacho namba ikipanda mpira ni mgumu zaidi, kipande cha unene wa sentimita 2.5 kitashuka karibu milimita 2.6. Panga viwili, kimoja juu ya kingine, katikati yake weka pleti ya chuma ya milimita 3, na utapata milimita 5 na kitu. Hapo mota ya 1440 imepata kitanda chake. Hesabu inadai milimita 4, lakini tunachukua 5 kwa sababu mpira unaotikiswa haraka hukaza kuliko unaobonyezwa taratibu, na hiyo moja ya ziada inafidia. Pleti ya katikati isisahaulike. Bila hiyo, vipande viwili vinageuka kipande kimoja kirefu kinachoyumba.

Ndiyo sababu pia mikeka mizuri ya kazi hii ina mifereji au vinundu. Mifereji ile ni nafasi ya mpira kutunia. Ukikuta dukani shiti laini bapa na shiti lenye mifereji iliyopishana pande zote mbili, na unataka kuweka eneo kubwa, chukua la mifereji. Ukiwa na shiti bapa tu, likate vipande. Kisu kikali, maji ya sabuni kwenye makali, vuta mara nyingi kwa wepesi badala ya kukandamiza mara moja. Ukikandamiza, ukingo unatoka umepinda na kipande hakikai wima.

Ugumu nao upimwe. Kuna kifaa chake kidogo cha mkononi chenye sindano, lakini kama hukipati, kidole kinatosha kuanzia. Ufutio wa penseli uko karibu na 40. Kashata ya tairi, pale panapogusa barabara, iko 60 hadi 70. Ukucha ukizama na alama ikafutika mara moja, uko kwenye 40 hadi 50. Ukucha usipoingia kabisa, mpira ni mgumu mno kwa mashine ya kilo mia tatu, labda uwe unabeba kitu kizito sana kwenye eneo dogo.

Uzito wa kila mguu upatikane kweli, usikisiwe. Upande wa mota karibu siku zote ni mzito kuliko upande mwingine. Mizani ya jukwaa, kama ile ya kupimia magunia ya korosho, inafaa sana. Inua mguu mmoja kwa jeki, sukuma mizani chini yake, na miguu mingine mitatu ikae juu ya vipande vya mbao vya kimo kilekile cha mizani, la sivyo uzito utahamia upande na utasoma uongo. Tuseme miguu ya upande wa mota imesoma kilo 100 kila mmoja na ile mingine kilo 60. Usiweke vipande sawa. Gawanya kila uzito kwa 3.2: upande wa mota unataka sentimita za mraba 31, yaani kipande cha 5.6 kwa 5.6, na upande mwepesi unataka 19, yaani 4.3 kwa 4.3. Hapo pande zote zinashuka sawasawa na mashine inabaki imenyooka. Ukiweka sawa, mashine itainamia mota, mkanda utavutwa upande, na beringi itakuwa ya kwanza kulalamika.

Sasa niseme wapi mkeka wa mpira haufai, ili mtu asitupe pesa. Chekeche za kupangia korosho, zile zinazotikisika mara 300 hivi kwa dakika, zinakwenda mara 5 kwa sekunde. Ili mpira uzidiwe mara tatu, ungetakiwa kubonyea karibu milimita 90. Hakuna mkeka wa hivyo duniani. Chekeche inataka springi za chuma au msingi mzito wa zege. Injini za dizeli za kizamani zinazozunguka 650 kwa dakika zinataka milimita 19 hivi, nazo ni za kufungwa kwenye zege. Injini ya dizeli ya silinda moja ya 2200 inadanganya watu: mzunguko ni wa haraka, lakini inawaka mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo pigo lake kubwa ni 1100 kwa dakika. Hiyo inataka milimita 7 hivi. Tumia mauntingi zilizotengenezwa kwa injini, zile za mpira uliogandishwa kwenye chuma, wala usijaribu kupanga vipande vitatu vya mkeka, vitaanguka.

Na kabla ya mpira wowote, tazameni mashine yenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mpira chini ya mashine yenye beringi iliyokufa ni kuficha maradhi. Kwenye mashine ya kusaga, chanzo kikubwa ni nyundo. Nyundo moja ikiliwa au ikibadilishwa peke yake, rota inakuwa nzito upande mmoja. Gramu 10 tu, kwenye umbali wa sentimita 20 kutoka kwenye shafti, kwa mizunguko 3000, zinavuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 20, mara 50 kila sekunde. Hakuna mpira utakaomaliza hilo. Nyundo zibadilishwe zote kwa pamoja. Zipimwe kwenye mizani ndogo ya jikoni, na zinazotazamana ziwe na uzito mmoja. Baada ya hapo angalia puli kama zimenyooka kwa kuvuta uzi kutoka puli hadi puli, angalia shafti, kaza bolti za fremu. Mara nyingi kazi inaishia hapo na mkeka haununuliwi kabisa.

Mota na kinu lazima vikae kwenye fremu moja. Huku kwetu mashine nyingi zina kinu kwenye zege lake na mota kwenye zege lake, na mkanda katikati. Ukiweka mpira chini ya kimoja tu, kinu kinacheza na mota haichezi, mkanda unalegea na kukaza kila sekunde, na baada ya wiki chache umekatika. Unganisha kwanza kwa fremu ya chaneli iliyochomelewa vizuri, halafu fremu nzima ndiyo ipande juu ya mpira. Fremu nzito ni faida. Mpira unapunguza kinachokwenda sakafuni, lakini mashine yenyewe juu ya mpira hucheza zaidi kuliko ilipofungwa chini, na uzito wa fremu ndio unaoituliza.

Aina ya mpira inategemea kinachomwagika. Mpira asilia ni utomvu, na mikoa hii inaujua tangu zamani: karne ya 19 mpira uliogemwa kwenye mimea ya kutambaa msituni ulishushwa hadi Kilwa, Lindi na Mikindani na kupakiwa majahazini. Kwa mtetemo mpira asilia ni mzuri sana, unarudi vizuri na hauchoki haraka. Lakini ukigusana na mafuta unavimba na kulainika kama ugali uliolowa. Dizeli, oili ya injini, na mafuta ya ganda la korosho, yote yanaulainisha. Kwenye kiwanda cha kubangua tumieni naitrili, ambao unahimili mafuta. Nje kwenye jua na upepo wa chumvi, kama pampu za maji na jenereta za uani, mpira wa kiwandani uitwao EPDM unavumilia hali ya hewa, ila huo nao usiguse mafuta kabisa. Neoprini, mpira mwingine wa kiwandani, uko katikati: unahimili jua vizuri na mafuta kiasi. Kama muuzaji hajui ameuza nini, kata kipande kidogo, pima unene wake, kizamishe kwenye mafuta yaleyale ya mashine yako siku tatu, pima tena. Kikivimba, kirudishe.

Kuhusu tairi kuukuu, mnauliza sana. Ndani yake mna nyuzi na mara nyingi waya za chuma, kwa hiyo hautuni pembeni na hauna ulaini wa kutosha. Kwa jenereta ndogo ya mizunguko 3000 unaweza kusaidia kidogo na kuizuia isitembee. Waya zikitokeza pembeni zinaliwa na kutu haraka kwa hewa yetu ya pwani. Ndala na godoro la sponji zisitumike: zinabonyea siku ya kwanza vizuri sana, na baada ya wiki chache zimebaki kama karatasi.

Kufunga ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Bolti ikipita kwenye mpira hadi kwenye zege na nati ikakazwa kwa nguvu, mtetemo unapanda kwenye bolti na kuuruka mpira kama mtu anayepita uchochoroni. Tundu la mguu liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita 4 hadi 6, ndani yake lipite bomba dogo la mpira, juu yake washa ya mpira kisha washa ya chuma, halafu nati. Kaza mpaka nati iguse tu, kisha funga nati ya pili juu yake ili ya kwanza isilegee. Jambo hilohilo kwa bomba la maji, bomba la moshi na waya: kila kitu kinachounganisha mashine na ukuta kiwe na kipande kinachopinda. Bomba moja gumu la chuma linatosha kurudisha mtetemo wote ukutani.

Mguu wa engo usikae moja kwa moja kwenye mpira, ukingo wake utaukata. Weka pleti ya milimita 6 iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, ukubwa wake uwe wa kipande au zaidi kidogo. Sakafu iwe imefagiliwa, kavu na bapa. Punje moja ya kokoto chini ya mpira ni mguu mgumu wa tano. Weka pima maji, washa mashine, iache ifanye kazi siku moja, kisha pima kimo cha kila kona. Mpira huendelea kushuka kidogo siku za mwanzo, hivyo rudia kusawazisha baada ya saa 24 na tena baada ya wiki.

Vya nyumbani kwa ufupi. Mashine ya kufulia tayari imening'inizwa kwa springi ndani yake. Kazi ya mpira chini yake ni kuizuia isiteleze na kumeza mtetemo mdogo. Mkeka wa mpira uliosagwa wa milimita 10 hadi 15 unatosha, miguu ikiwa imesawazishwa. Ikiwa mpya na inaruka kama ina mashetani, angalieni nyuma: zile bolti za usafirishaji bado zipo. Friji inayonguruma mara nyingi inagusa ukuta au bomba lake linagonga fremu. Isogeze sentimita 10 kwanza. Mpira mweusi huacha doa kwenye vigae vyeupe, weka kipande cha plaiwudi katikati.

Jirani anayelalamika, mwendeeni na mguse ukuta wake kwa kiganja. Ukitetemeka kiganjani, mtetemo unapita ardhini na mpira utasaidia. Ukuta ukiwa umetulia na masikio tu ndiyo yanayoumia, sauti inapita hewani, kwenye feni na mlangoni, na hakuna mkeka utakaoizuia. Hapo zibeni mianya, jengeni ukuta wa tofali upande wake, geuzeni bomba la moshi.

Kipimo cha mwisho hakina gharama. Kabla ya kuweka mpira, chukua sahani ya bati, jaza maji nusu, iweke sakafuni mita moja kutoka kwenye mashine, uwashe, na utazame mawimbi. Chora kwa chaki mahali sahani ilipokaa. Ukishafunga mpira, rudisha sahani palepale, maji yaleyale, mzigo uleule wa mahindi kwenye kinu, na ulinganishe mawimbi na yale ya mwanzo.

Vipande vyote viko mezani: asilia wa 40, asilia wa 60, naitrili, EPDM na tairi. Jiliwa iko pale dirishani na mizani iko mlangoni. Wenye namba za vibao vya mota zao tuanze nao.